Muulize Maalim: Mtoto wa Wete na shahada ya maigizo

SUALI: Assalaam alaykum Maalim, na shikamoo. Mie ni msichana wa Wete. Nina shahada ya kwanza ya mawasiliano ya umma na sasa natangaza katika redio moja ya jamii hapa Pemba. Jioni nina kikundi cha maigizo na wenzangu, tunazunguka vijijini. Majuzi tulikwenda kisiwani Kojani na mchezo wetu wa mvuvi anayemtoa mwanawe skuli ili aende naye dago, kambi ya wavuvi ya mbali. Watu walijaa, ila kina mama walituharibia mwisho kwa makelele. Mmoja aliinuka kabisa akasema yule mama wa kwenye mchezo hajafanya sawa, asikae kulia, ampeleke mtoto kwa mjomba wake, mjomba ndiye wa kusema na baba. Tukacheka, tukafunga mchezo tukarudi.

Nimesikia kuna vyuo Marekani vinatoa shahada ya pili ya mawasiliano na maigizo kwa pamoja. Hivyo ni kitu kimoja au viwili? Husomwa nini humo? Baba anasema maigizo hayasomewi, yanachezwa, na kama nataka kuendelea nisome sheria au uongozi. Pesa hatuna. Nifanyeje?
Msichana wa Wete

JIBU: Waalaykumussalaam, na marahaba binti yangu.

Nianze na baba yako, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Mpe salamu zangu, umwambie neno lake lina ukweli ndani yake: kuigiza mtu hujifunza kwa kuigiza. Zama zetu aliyetaka kuigiza redioni alikaa studio, akagombwa na mtayarishaji, mpaka akajua mdomo ukae umbali gani na kipaza sauti. Lakini unalolitaka wewe ni jambo jengine. Shahada ya pili hukufunza kuuliza kwa nini mchezo mmoja watu huondoka nao mpaka majumbani mwao, wakagombana kwa ajili yake usiku kucha, na mwengine ukaishia pale pale uwanjani majamvi yanapokunjwa. Hilo halichezwi, husomewa, tena kwa jasho.

Kama ni kitu kimoja au viwili, inategemea chuo, na sababu yake ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wamarekani waliofundisha kuhutubu na kujadiliana walikuwa wamewekwa ndani ya idara za Kiingereza, na hawakuwa na raha humo. Mwaka 1914 walimu 17 wakajitenga, wakaunda chama chao. Idara zilizozaliwa baadaye zilikusanya kila kinachotoka mdomoni mwa mtu: hotuba, mijadala, usomaji wa mashairi kwa sauti, halafu redio, na michezo ya jukwaani. Ilipofika 1936 walimu wa maigizo nao wakaunda chama chao, na polepole vyuo vingi vikagawa nyumba. Vyengine havikugawa, ama kwa kuamini kuwa fani hizi ni ndugu, ama (na hili utalisikia zaidi ukikaa na walimu wa huko faragha) kwa sababu mkuu wa kitivo hataki kulipa wakuu wa idara wawili. Chuo cha Northwestern kule Evanston, kaskazini ya Chicago, skuli yake ya mawasiliano ilianza mwaka 1878 ikiwa skuli ya kuhutubu, na mpaka leo maigizo na mawasiliano yako chini ya paa lake.

Kwa hivyo jina la idara lisikubabaishe. Kuna idara zenye jina la pamoja ambamo watu wa maigizo na watu wa mawasiliano hukutana kwenye mkutano wa bajeti tu. Kuna nyengine zina jina moja tu lakini mwanafunzi anavuka atakavyo. Wewe tafuta orodha ya tasnifu za waliomaliza karibuni. Ukiona mtu ameandika juu ya michezo ya kuigiza katika kampeni ya afya, au juu ya ngoma kama njia ya kupashana habari, hapo pana mlango wako. Kisha mtafute aliyemsimamia mwanafunzi huyo. Huyo mwalimu mmoja ana thamani kwako kuliko jina la chuo.

Humo ndani husomwa nini? Muhula wa kwanza ni nadharia na mbinu za utafiti, takwimu zikiwemo, usikunje uso. Aristotle, mwanafalsafa wa kale wa Kiyunani, utamkuta anakungoja mlangoni, yeye na mambo yake ya kumshawishi msikilizaji. Utakutana na Erving Goffman, Mkanada aliyekwenda kukaa kisiwani Unst, huko Shetland, kaskazini kabisa ya Uskochi, mwaka 1949. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, na utafiti wake wa udaktari ulihusu namna watu wa kisiwa kidogo wanavyowasiliana. Alitazama, pamoja na mengine, wahudumu wa hoteli: jikoni wako vile, wakisukuma mlango kuingia walipo wageni wanakuwa watu wengine. Akajenga juu yake hoja nzima kwamba maisha ya kila siku yana jukwaa na yana nyuma ya jukwaa. Wanafunzi wenzangu wa Kimarekani hoja hiyo iliwachukua wiki mbili. Mtoto wa Pemba aliyewahi kuwa uani na mama zake mgeni akapiga hodi mbele, anaielewa kwa dakika mbili.

Usidhani kuwa utakwenda kusoma mambo ya kwao tu. Mchezo wa redio Twende na Wakati, uliokuwa ukirushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kuanzia 1993, husomwa madarasani Marekani mpaka leo. Yule Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu, wanajulikana na watu wasioijua Tanzania kwenye ramani. Sababu ni namna utafiti wake ulivyopangwa. Karibu nchi nzima ilisikia mchezo huo isipokuwa eneo la kituo cha Dodoma, ambako mpaka 1995 saa hiyo vilirushwa vipindi vyengine. Watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Chuo Kikuu cha New Mexico, wakaweza kulinganisha waliosikia na wasiosikia, wakaona uzazi wa mpango umesogea zaidi kule kulikosikika mchezo. Mbinu yenyewe ya utunzi asili yake ni Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyekuwa akitunga tamthilia za televisheni miaka ya 1970: mhusika mwema, mhusika muovu, na katikati yao mtu anayeyumba kama sisi sote. Ukiingia darasa hilo, wewe uliyekua unasikiliza michezo ya redio ya Kiswahili, hutakuwa mgeni.

Kisa chengine ninachokipenda ni cha Dwight Conquergood, aliyekuwa mwalimu Northwestern. Mwaka 1985 alikuwa katika kambi ya wakimbizi wa Kihmong, watu waliotoka Laos, iitwayo Ban Vinai, nchini Thailand. Kichaa cha mbwa kikaingia kambini. Wakubwa wakatangaza watu walete mbwa wao wachanjwe, hakuna aliyeleta. (Najua kwetu mbwa si mnyama wa kusimuliwa sana, lakini vumilia.) Wakamwendea yeye. Akakaa na waigizaji wa Kihmong wenyewe, wakatengeneza gwaride la kupita kambi nzima, na miongoni mwa wahusika akiwemo kuku, kwa kuwa kuku kwa Wahmong ndiye anayetazamiwa mambo yajayo. Kuku akasema, watu wakasikia. Mbwa wakaletwa kwa mamia. Tangazo lilikuwa lile lile, ila safari hii limetoka kinywani mwa yule ambaye watu wamezoea kumsikiliza.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umeniuliza juu ya baba, pesa na Marekani, na lile la Kojani umelipitisha kwa haraka, tena kama lalamiko: kina mama wametuharibia mwisho. Binti yangu, pale ndipo ilipo shahada yako.

Yuko mtu wa Brazil, Augusto Boal, aliyefukuzwa kwao na utawala wa kijeshi, akawa Peru mwaka 1973 katika kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Kikundi chake kilikuwa kinacheza kisa cha mke aliyedanganywa na mumewe, na watazamaji wanapendekeza mke afanye nini. Mwanamke mmoja mnene akapendekeza, waigizaji wakajaribu, akasema siyo hivyo. Wakajaribu tena, akasema siyo. Mwisho Boal akamwambia basi panda mwenyewe utuonyeshe. Akapanda, akashika fagio, na yule muigizaji wa kiume hakusahau siku ile. Boal mwenyewe alihesabu kuwa tangu hapo ndipo ulipoanza mtindo wake wa mtazamaji kuusimamisha mchezo na kuingia mahala pa muigizaji, mtindo ambao sasa unafanywa duniani kote. Nyinyi mlipata mwanamke wenu Kojani. Mkamcheka, mkakunja vitu mkapanda mashua.

Tena yule mama hakusema la kijinga. Amekwambieni kuwa habari ya skuli haiendi moja kwa moja kutoka kwa mke kwenda kwa mume. Ina njia yake, inapitia kwa mjomba. Wataalamu wa mawasiliano hulipwa kugundua mambo kama hayo. Ni nani wanaosikilizwa wanaume wanapokuwa dago miezi? Mwanamke anaposema mbele ya kadamnasi kwa sababu tu "ni mchezo", je, nyumbani angelisema? Mchezo unampa ruhusa gani? Hayo ndiyo uyaandike kwenye maombi yako. Na kabla hujaandika, rudini Kojani mkacheze tena, safari hii mkifika kwenye machozi ya mama msimame, mumwite yule bibi.

Fedha. Hapa nina msimamo na sirudi nyuma: shahada ya pili ya fani hizi usiende kuilipia mwenyewe, wala baba yako asiuze mikarafuu. Idara nyingi za mawasiliano Marekani zina somo la kuhutubu linalosomwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kizima, na wanaolifundisha sehemu kubwa ni wanafunzi wa shahada ya pili na ya tatu. Wewe unafundisha, wao wanakusamehe ada na kukulipa posho. Kwa viza ya mwanafunzi kazi hiyo haizidi saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea. Mie mwenyewe nimeifanya, katika mji wa mashamba ya mahindi, mbele ya vijana wasiowahi kumuona Mswahili. Kijana mmoja alitoa hotuba ya namna ya kukamua ng'ombe, akaleta glavu ya mpira iliyojaa maji ya kuonyeshea. Alipata alama nzuri. Hotuba ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na glavu haikupasuka.

Uliza mambo matatu kabla ya kukubali. Je, posho ni ya miezi tisa au kumi na mbili? Aghalabu ni tisa, na kiangazi cha huko ni kirefu ukiwa huna kitu. Je, msamaha wa ada unagusa pia michango midogo midogo na bima ya afya? Mara nyingi haugusi. Je, kuna mtihani wa kuzungumza Kiingereza kwa wageni watakaofundisha? Ukiwepo, jitayarishe nao mapema, licha ya kuwa umeshapasi TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo. Maombi ya kuanza Agosti hufungwa Disemba au Januari iliyotangulia, kwa hivyo anayeanza kutafuta vyeti Februari ameshachelewa mwaka mzima. Na masharti ya viza hubadilika. Ulizia ubalozi wao Dar es Salaam kabla hujalipa ada yoyote ya maombi.

Kufundisha si njia pekee, wala Marekani si mahala pekee. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, hupitia ubalozi huo huo. Chevening ya Uingereza hulipia shahada ya mwaka mmoja, inataka uwe na kama miaka miwili ya kazi, na redio yako inahesabika. Ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani. Durban, katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kuna kituo cha mawasiliano na jamii kilichobobea kwenye burudani inayoelimisha, na kutoka kwetu huko ni karibu zaidi kuliko Evanston. Mlimani, Dar es Salaam, ndipo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walipofundisha na kutoka nje na wanafunzi kwenda kuigiza na wanakijiji wa Malya miaka ya mwanzo ya 1980. Na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar hukopesha hata wa shahada ya pili; pita ofisini kwao uwaulize mwaka huu vipaumbele ni vipi.

Na baba yako akiuliza utafanya kazi gani, mwambie wizara ya afya, mashirika yanayopambana na malaria na kipindupindu, redio, vyuo, kila mmoja wao anatumia mamilioni kutoa ujumbe ambao hajui kama umefika. Akishasikia hivyo mwachie wiki moja, usimkimbize.

SUALI: Maalim, mie nina stashahada ya sanaa kutoka Bagamoyo na nimeigiza miaka mingi. Naambiwa Marekani kuna shahada ya pili ya sanaa ambayo wanaangalia kipaji tu. Naweza kuruka shahada ya kwanza?
Kijana wa Mwembe Makumbi

JIBU: Kwa kawaida huwezi, na anayekwambia hivyo pengine anataka pesa ya kukujazia fomu. Ile shahada ya wasanii, ambayo mara nyingi huchukua miaka mitatu, ni kweli inaangalia zaidi usaili na kazi zako, lakini karibu vyuo vyote bado vinataka shahada ya kwanza. Chuo cha Bagamoyo, kilichoanza 1981 na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kimekupa ufundi ambao wengi wa Mlimani wanautamani. Tafuta chuo kitakachokupokea kwa stashahada hiyo uingie shahada ya kwanza. Huku nyuma rikodi kazi zako vizuri, siyo kwa simu inayotikisika.

SUALI: Asalaam alaykum. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma maigizo shahada ya pili nje. Najivunia, lakini nina hofu. Atalazimishwa kufanya jukwaani mambo yasiyolingana na dini yetu? Watu hapa Chake wameshaanza kusema.
Mama mwenye hofu, Chake Chake

JIBU: Waalaykumussalaam dada yangu. Hofu yako ni ya mzazi, siidharau.

Muulize kwanza ni shahada ipi. Kama ni ya kitaaluma, yaani historia na nadharia ya maigizo, atakuwa maktaba kuliko jukwaani, na litakalomchosha ni macho. Kama ni ya uigizaji, hapo mwili ndio daftari. Kuna mazoezi ya kugusana, kuna kuvuliwa kiatu na kuvishwa nguo za mhusika, kuna matukio ambayo wewe ungegeuza uso. Baina ya hizo mbili kuna fani ambazo watu wa huku hawazijui: utunzi, uongozaji, taa, mapambo, mavazi, usimamizi wa jukwaa. Nimewahi kusoma na dada mmoja wa Kiarabu mwenye hijabu yake, fundi wa taa. Jukwaa zima lilikuwa linamsubiri yeye.

Binti amwandikie mkuu wa masomo kabla ya kukubali nafasi, aseme wazi mambo gani hatayafanya, na aombe jibu la maandishi. Idara zenye akili hujibu vizuri. Isiyojibu, amejua mapema.

Kuhusu watu wa Chake, dada yangu, watu walisema pia Siti binti Saad alipotoka Fumba akaja mjini kuimba, na walisema alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo za Kiswahili. Wajukuu wa waliosema leo wanampiga kwenye harusi zao.

SUALI: Mwalimu wangu wa chuo nimemuomba barua ya kunithibitisha. Kanambia niandike mwenyewe nijisifu, yeye atatia saini. Wengi hapa tunafanya hivyo. Kuna ubaya?
Mhitimu, Tunguu

JIBU: Upo. Vyuo vya Marekani huomba barua tatu, na wanaozisoma huzisoma pamoja. Tatu zikiwa na kalamu moja, "mwanafunzi hodari sana mwenye bidii sana" mara tatu, zinajulikana, na aliyeumia ni wewe. Halafu siku hizi kiungo cha kupakia barua hutumwa kwenye barua pepe ya kazi ya mwalimu, siyo kwako.

Najua kwa nini wanasema hivyo: wana wanafunzi mia mbili na hawakumbuki sura yako. Basi msaidie akumbuke. Mpelekee ukurasa mmoja: somo alilokufundisha na mwaka, alama uliyopata, mada ya insha yako na jambo alilokwambia juu yake, kazi uliyoifanya baadaye, tarehe ya mwisho. Mpe wiki nne. Mkumbushe kwa adabu wiki ya tatu. Akikataa kabisa, mwendee yule mwalimu mdogo asiye na cheo aliyekusimamia utafiti. Barua yake yenye habari ni bora kuliko ya profesa isiyo na kitu.

SUALI: Mie ni mwalimu wa sekondari, nina familia, siwezi kuacha kazi kwenda ng'ambo. Nataka kufanya shahada ya pili juu ya Mwaka Kogwa wa kwetu Makunduchi. Je, hiyo ni maigizo au ni utamaduni tu? Na naweza kusoma nikiwa hapa hapa?
Mwalimu wa kusini

JIBU: Mwalimu mwenzangu, ukitaka kuniona nimesimama wima niambie Mwaka Kogwa "ni utamaduni tu". Kuna mapigano ya magomba ambayo kila mtu anajua ni mapigano na anajua si mapigano. Kuna kibanda kinachochomwa moto na mtu akatoka. Kuna nyimbo za wanawake zenye maneno ambayo siku nyengine ya mwaka yangeleta kesi. Pana wachezaji, watazamaji, mipaka ya mahala na ya muda. Wataalamu wa fani hii wamevuka bahari kutafuta vitu vya namna hiyo, nawe uko navyo mlangoni.

Unaweza kusoma hapa. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ina shahada ya pili ya Kiswahili, na utafiti wa fasihi simulizi na utendaji wake unakaa humo vizuri. Zungumza na msimamizi kabla ya kujisajili uone kama yupo anayeipenda mada. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo Unguja na Pemba na kimetengenezwa kwa watu wenye kazi.

Ila angalia kalenda. Mwaka Kogwa ni mara moja, Julai. Vyuo vyetu huanza karibu na Oktoba. Ukisubiri pendekezo lako lipite ngazi zote, Julai ya kwanza itakukuta huna kibali cha utafiti mkononi, na utasubiri nyengine. Anza na kibali na sheha mapema. Na usihoji wanaume wazee peke yao. Wale wanawake wa nyimbo wanakumbuka maneno ya miaka ambayo wazee wameyasahau kwa makusudi.

SUALI: Maalim, niandikie barua ya kuelezea madhumuni yangu ya kusoma mawasiliano na maigizo. Nitakulipa.
Jang'ombe

JIBU: Siandikii mtu. Andika kurasa mbili mwenyewe, ulete ofisi ya jarida kabla ya mwisho wa mwezi, nitakusomea bure kwa kalamu nyekundu. Niambie ulichokiona kwa macho yako, suali lililokubakia, na ni mwalimu gani wa chuo hicho anayeweza kukusaidia kulijibu na kwa nini yeye. Usianze na "tangu utotoni nimekuwa nikipenda sanaa". Ukianza hivyo sifiki mstari wa pili.